Maji ya Jumamosi

9 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, mimi, mume wangu na mjukuu wako Chura, ila mafua yametupitia mmoja mmoja kwa zamu. Na wewe je? Mgongo unasemaje? Unakula, au unakunywa chai na kujidanganya kuwa umekula? Ningepiga simu, lakini najua utaishika mbali na sikio, useme "ndiyo, ndiyo," halafu ukate. Kwa hiyo naandika.

Miezi mitano sasa tangu Mama atuache. Sijazoea. Juzi kazini, pale ghala la vipuri, mteja mmoja alicheka kicheko kama chake, nikaenda kujificha nyuma ya rafu za matairi mpaka macho yakakauka.

Baba, nakuja kwenye lile jambo la bwawa lako la kuogelea. Miaka sabini na miwili si umri wa kuinama ukingoni unasugua vigae, wala wa kubeba madumu ya asidi na ndoo za klorini. Ukiteleza, nani atakuona? Nimezungumza na kampuni moja ya kutunza mabwawa huko kwenu. Wanakuja mara moja kwa wiki. Wanaopoa majani, wanasugua, wanaosha chujio, wanapima maji na kutia dawa, wewe umekaa zako kwenye kiti na gazeti. Malipo niachie mimi. Jirani yako yule daktari wa meno anawatumia na hajawahi kulalamika.

Na usiniambie Mama asingekubali. Mama, Mungu amrehemu, kazi yake pale bwawani ilikuwa kushika kile kichupa cha kupimia na kutoa amri. Jasho lote lilikuwa lako. Sasa umechoka, kubali tu.

Chura anakusalimu. Anasema anakuja kukushinda kupiga mbizi.

Binti yako


21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua imenikuta mzima. Mgongo upo palepale, nyuma. Nakula. Msalimie mkwe wangu, mwambie mafua dawa yake ni kulala, si kusimama kwenye friji.

Hiyo kampuni naijua. Miaka arobaini nimekuwa fundi bomba, nimewaona kwenye nyumba za watu. Wanakuja na gari limechorwa samaki anacheka, wanatumbukiza wavu mara tatu kama mtu anayeonja mchuzi, wanamwaga klorini kwa kukisia, halafu wanabandika karatasi getini kwamba kazi imekamilika. Nusu saa wameshaondoka. Maji ya daktari wa meno yananuka mpaka huku kwangu, na yeye halalamiki kwa sababu haogelei.

Bwawa linataka mtu anayelijua. Ajue upepo ukitoka huku majani yanakwenda kujazana kona ipi. Ajue pampu ikianza kukohoa inataka nini. Mimi nalisikia nikiwa kitandani, najua kama kikapu chake cha kunasia majani kimejaa kabla sijakifungua. Nani wa kuajiriwa atakuwa na sikio hilo?

Tena bwawa hili nililichimba mwenyewe, baada ya daktari kusema magoti ya mama yako yanataka kutembezwa majini. Miaka kumi na tisa ametembea humo kila asubuhi, anakwenda anarudi, maji kifuani, ananisimulia alichoota. Mimi nasugua, yeye anasimulia. Nusu ya ndoto zile alikuwa anazitunga, nina hakika. Mtu hawezi kuota harusi ya watu asiowajua kila wiki.

Sitaki mgeni pale. Na lile neno lako kuhusu kichupa, usilirudie.

Mlete Chura shule zikifungwa. Maji yako tayari.

Baba yako


14 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kwamba hasira za barua iliyopita zimepungua. Huku kwetu hatujambo.

Umeshinda, kwa leo. Hayo ya kampuni tumeyaweka kando. Jumatatu mume wangu anamleta Chura akae kwako wiki mbili. Mzigo wake wote ni nguo za kuogelea, amekataa nilipotaka kufunga sweta. Tafadhali asiingie majini bila wewe kuwapo, na asikae humo kutwa. Ana miaka sita tu, hata kama mdomo wake una miaka hamsini.

Nakuamini, Baba.

Binti yako


6 Mei

Baba,

Shikamoo. Sina salamu ndefu.

Chura bado amefungwa macho. Daktari amesema ameungua juu juu, kwamba Mungu akipenda yatapona bila kuacha doa, lakini kwa sasa hawezi kuvumilia mwanga na usiku analia ananiuliza kama jua limeharibika. Ngozi ya mapajani imebabuka. Daktari aliuliza alikuwa anaogelea wapi, nikaona aibu kumjibu kuwa ni nyumbani kwa babu yake.

Mume wangu alipokuja kumchukua aliondoka na kopo la maji ya bwawa lako, tukayapeleka kupimwa. Ni asidi tupu, Baba. Yule aliyeyapima aliuliza kama kuna mtu aliyakusudia yawe hivyo.

Nilikuambia. Nilikuomba kwa adabu, ukaniandikia habari za pampu kukohoa na gari lenye samaki. Ungekubali mtu mwenye ujuzi aje mara moja tu kwa wiki, mtoto asingeguswa na kitu. Mimi sijui ulikuwa unapima nini kila Jumamosi. Labda ulikuwa hupimi kabisa. Ubishi wako umeninyima usingizi na umemtesa mwanangu.

Chura hatakanyaga tena pale mpaka bwawa liwe chini ya kampuni. Nimemaliza.

Binti yako


11 Juni

Baba,

Shikamoo. Mwezi umepita hujajibu. Macho ya Chura yamepona, anasoma, anakimbia, ameanza kukuulizia. Daktari wa meno ameniambia kwa simu kwamba anakuona asubuhi umekaa karibu na maji, na kwamba husugui tena.

Nilikuwa na hasira. Bado ninayo kidogo, sitakudanganya. Lakini niandikie, hata mstari mmoja.

Binti yako


19 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimepokea barua zako zote mbili. Ile ya pili ndiyo iliyonipa nguvu ya kushika kalamu, maana nilikuwa nimejihukumu kukaa kimya mpaka nijue macho ya mtoto yamekuwaje. Namshukuru Mungu. Mwambie Chura babu yake anamwomba radhi. Usimfafanulie, mwambie hivyo tu.

Nitakuambia jambo ambalo duniani alilijua mtu mmoja.

Mimi sioni nyekundu. Tangu nizaliwe. Nyekundu na kijani kwangu ni rangi moja, kama udongo uliolowa. Manjano naiona, bluu naiona. Kwenye mabomba haikunisumbua, bomba unalijua kwa mkono. Lakini kile kichupa cha kupimia kina pande mbili. Upande wa klorini ni manjano, huo naumudu. Upande wa asidi unatia matone, maji yanageuka, halafu unalinganisha na kadi, na rangi zote za kadi ile ni aina za nyekundu. Mimi naona vijisanduku vitano vya udongo.

Mama yako aligundua wiki ya kwanza. Hakunicheka, yeye aliyekuwa anacheka kila kitu. Alichukua kichupa mkononi mwangu, akakiinua kwenye mwanga, akasema, "Kuanzia leo hii kazi yangu, wewe sugua." Basi kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa niliita, "Bosi, rangi gani?" naye akajibu. Ninyi watoto mkadhani anajifanya malkia. Aliwaacha mdhani hivyo ili mimi nisiaibike mbele yenu. Wewe ulipoandika kwamba kazi yake ilikuwa kushika kichupa, nilitaka kukuambia siku ileile. Nikashindwa.

Alipofariki niliendelea. Kila Jumamosi natia matone, nainua kichupa, naita, "Bosi, rangi gani?" Ndiyo, kwa sauti. Nadhani daktari wa meno amenisikia. Kisha nasubiri kidogo, najibu alichokuwa akijibu yeye mara nyingi: imekolea, asidi imepungua, tia kikombe. Natia kikombe. Jumamosi baada ya Jumamosi, mwanangu, hata maji yalipokuwa hayahitaji. Nilikuwa namsikia kabisa. Sikutaka kumbishia.

Na sikuwa kipofu kiasi hicho. Niliona saruji kati ya vigae inalika. Niliona skrubu za ngazi zimeanza kutoboka. Fundi wa miaka arobaini anajua chuma kinaliwa na nini. Nilijiambia ni uzee wa vitu. Mtoto akaingia majini huku mimi nikijua na nikikataa kujua.

Kwa hiyo usiseme sikuwa nikipima. Nilipima kila wiki, na nilimuumiza. Huo ndio ukweli, ufanye utakavyo.

Baba yako


28 Julai

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nimeisoma ndani ya gari nje ya ghala, sikuweza kuingia kazini. Nilimwambia msimamizi naumwa, na kweli nilikuwa naumwa.

Nisamehe lile neno la kichupa. Nimelisema miaka yote, hata mbele yake. Hata siku ya msiba niliwachekesha watu nalo. Mama alikuwa anafanya kazi mbele ya macho yangu nami nikaona anacheza.

Lile sharti langu nimelifuta. Sitaki kampuni, sitaki mgeni, fanya mwenyewe kama ulivyozoea. Nimefikiri hivi: kila Jumamosi tia matone, weka kichupa mbele ya kitu cheupe, kipige picha kwa ile simu usiyoipenda, unitumie. Nitakuwa karibu na simu kila saa tatu asubuhi, nakuahidi. Uniite hata Bosi ukipenda. Nitakujibu rangi gani.

Chura nimemwambia ulichoniagiza. Amejibu, "Sawa, lakini ajue bado nitamshinda."

Binti yako anayekupenda


30 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa tena, nivumilie. Mwili hauna neno. Nakula vizuri, siku hizi hata nafua mwenyewe bila kuchanganya nguo nyeupe, jambo ambalo mama yako angegoma kuliamini.

Nilijaribu ulichosema. Jumamosi mbili. Nilitia matone, nikaweka kichupa mbele ya sahani nyeupe, nikashika simu. Nikashindwa kubonyeza. Nilijua utanijibu sawasawa, na jibu litakuwa la kweli, na halitakuwa la mama yako. Basi nikamwaga maji ya kichupa nikaingia ndani. Usinune. Si wewe.

Jumatatu iliyofuata nikawaita kampuni mwenyewe.

Wamenitumia fundi mwanamke, umri wako hivi. Nilimkaribisha shingo upande. Siku ya kwanza nilimfuata hatua kwa hatua nikitafuta kosa, sikulipata. Anasugua mpaka kona za ngazi. Alisikiliza pampu, akasema kikapu kimejaa kabla hajakifungua. Hapo nikaenda kukaa. Anapima kwa mashine ndogo inayoandika namba, hakuna rangi ya kuuliza. Maji hayajawahi kuwa mazuri hivi, hata enzi zetu, na naona uchungu kuliandika.

Siku ile ya kwanza aliona tauli mbili kwenye kamba, yangu na ya mama yako, akauliza, "Mama yupo?" Nikasema ametoka kidogo. Jumanne ya pili akauliza tena, nikasema yuko kwa dada yake. Ya tatu nikasema bado hajarudi. Nilisema kwa wepesi kabisa, hata mimi nilikaribia kuamini.

Jumanne iliyopita alikuwa ameshika dumu la asidi, akasita. Akaniuliza, "Baba, mama akirudi, huwa anaingia majini saa ngapi? Nataka niweke dawa mapema, asije akaingia ikiwa bado kali ikamuumiza."

Mwanangu, kwa swali hilo sikuweza kudanganya. Nilishawahi kuumiza mtu kwa maji haya. Nikamwambia hakuna wa kuingia. Mke wangu amefariki, mwaka unakaribia.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo wangu. Msibani walisema wengine, kwenye makaratasi uliandika wewe, kwenye barua nimeandika kwa kalamu. Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia kwa sauti yangu.

Aliweka dumu chini, akaenda kuzima pampu, akaja kukaa karibu nami. Sikujua kwamba pampu ikizimwa nyumba inakuwa kimya namna ile. Nililia mbele ya mtu ambaye hata jina lake sijauliza, naye hakuangalia saa.

Mlete Chura shule zikifungwa. Mje wote. Sina hamu ya kukaa na maji yasiyoingiwa na mtu.

Baba yako