Tangi la Kwaluguru Halijibu

Jumatatu, 7 Februari 2011
Siku ya tisa. Kompyuta ya pampu hapa Korogwe inapiga simu, modemu kwa modemu, kwenye tangi la Kwaluguru – tangi halijibu. Bila jibu haijui maji yamebaki kiasi gani, na pampu haiwaki. Kuiwasha kwa mkono tumekatazwa tangu tangi lifurike likabomoa nyumba ya mtu.
Asubuhi skrini ikasema poti ya modemu ina shughuli. Shughuli gani! Umeme ulipokatika ilibaki faili ya kufuli tu, ile inayozuia poti isitumike. Nimeifuta. Nikapiga, modemu ya kule haikuitika. NO CARRIER. Tena. NO CARRIER.
Injinia kapita. Atakuja Ijumaa saa nne kuangalia. Ikishindikana, zamu ya maji ya Kwaluguru wanapewa watu wa kwingine. Kasema kwa upole. Bora angefoka.

Jumanne, 8 Februari
Nimebadilisha kebo. Yatin wa duka la umeme Manundu kanitafutia ya zamani, kaifuta vumbi kwa shati lake. Nimeshusha kasi ya modemu hadi biti 1200 kwa sekunde. Mfumo huu wa Unix, aliyeufunga kastaafu, nimebaki mimi na kitabu kilicholiwa na mchwa.
Mchana – imepokelewa! Mlio mmoja tu! Nikaruka. Kisha kimya, ikakatika. Mara sita hivyo hivyo.
Mimi si fundi. Ni mtu wa kubonyeza tu.

Jumatano, 9 Februari
Mama kapiga kutoka Kwaluguru. Wanachota kwenye lambo la ng'ombe. Majirani wanamuuliza, si Mhina wako ndiye wa maji? Hakunilaumu. Kaniuliza kama nimekula.
Nimelia chooni, mtu mzima.

Alhamisi, 10 Februari
Leo nimefungua spika ya modemu, nisikie mwenyewe. Mlio mmoja. Kisha sauti: Haloo? Haloo, karibu!
Mzee Hiza! Mlinzi wa tangi!
Modemu ya kule inapokea mlio wa pili, yeye anauwahi wa kwanza. Simu iite aiache? Ataonekana mtu gani! Basi anaikaribisha kompyuta yangu, inampigia filimbi sikioni, anakata. Na simu hiyo nilimwekea mimi, wiki mbili hazijafika, aseme bomba likipasuka. Laini inapita kwenye simu yake ndipo iingie kwenye modemu. Kwaluguru nzima imekauka kwa mkono wangu.
Nimempigia. Shikamoo mzee, naomba kesho usiipokee simu, hata ikiita vipi. Marahaba, mwanangu, kasema, sitaigusa. Sauti ya mtu aliyekosewa adabu.
Nikataka kujaribu palepale – mgao! Jioni hii umeme bado haujarudi.

Ijumaa, 11 Februari
Saa nne na dakika tano. Umeme umerudi sasa hivi, Injinia kaketi nyuma yangu. Inaita. Mlio wa kwanza – Mzee Hiza hajapokea, Mungu ambariki! Wa pili. Sasa, modemu, sasa. Wa tatu. Wa tano.
Naandika huku inaita, mikono haina kazi nyingine.
Meseji ya Mama: kampelekea Mzee Hiza uji asubuhi. Mzee kaichomoa simu kabisa, na waya wake wote, kaifungia sandukuni asije akajisahau ikiita. Hivi sasa kalikalia sanduku. Usiwe na wasiwasi mwanangu, tunakuombea.
Nampigia Mama, mzee aurudishe waya, laini inapita humo. Haipatikani. Chaji!
Mlio wa kumi na moja. Injinia ananiuliza hii huwa inachukua muda gani. Nimemwambia, kidogo tu, mzee, inakaribia.