Uzi Mwekundu Ukingoni mwa Kiondo

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nimefanya jambo ambalo ungelisikia sokoni kabla sijafika nyumbani. Afadhali nikuambie mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kijiji cha Tulia siku ya soko? Ulisuka kikapu ukitembea, nyuzi za mkonge zikining'inia, na mdomo haukupumzika. Mimi nilijikwaa nyuma yako kwa kutazama vidole vyako. Kila kiondo ulikimalizia ukingoni kwa uzi mwekundu uliofumua kwenye sweta yako kuukuu, mistari mitatu, wa mwisho umepinda kidogo. Nikakuuliza mbona huunyooshi.

"Hiyo si urembo," ukaniambia. "Kwa matanga viondo zote zinawekwa kona moja. Yangu ikipotea, hiyo alama ndio itairudisha nyumbani."

Siku hizi sisi wanawake wa kikundi tunasukia ndani ya ukumbi wa kanisa. Mnunuzi wa Nairobi alituletea fremu ya mbao, na kiondo kisichoingia humo sawasawa hakipokelewi. Sitamsema vibaya. Kwa viondo hivyo tumepata tangi la maji, na mjukuu wako Mwende yuko kidato cha tatu. Lakini tumenyamaza, mwaitu. Ukipiga soga unapotea katika mistari. Vikishapangwa mezani, hata mimi siwezi kukuonyesha nilichosuka ni kipi.

Mwezi uliopita oda ilipungua kiondo kimoja, na gari lilikuwa linangoja nje. Nikakimbia nyumbani nikatwaa chako cha mwisho, kile ulichosema, kabla hujatuacha, ni cha Mwende akiolewa. Kiliingia kwenye fremu vizuri kabisa. Nikakikabidhi hivyo hivyo, kisha wiki mbili nzima nikaona aibu mbele ya Mwende. Alikuwa akitazama tu ule msumari mtupu ukutani.

Jumanne akaja Mama Kilonzo, mwenyekiti wetu, akiwa nacho mkononi, uso umemshuka.

"Pole," akasema. "Hii wamerudisha. Ati iko na makosa hapa juu, laini nyekundu imepinda."

Nilicheka mpaka akadhani nimerukwa na akili. Halafu nikalia, naye akanishika mkono bila kujua ninalilia nini. Nisamehe, mwaitu. Wewe ulikuwa umekilinda kabla sijajua kitahitaji kulindwa.

Nitaendelea kusuka vya fremu, maana maisha hayaniachi nichague sana. Ila cha nyumbani ni cha nyumbani. Jana mchana Mwende alikaa mlangoni na kiondo chake cha kwanza, nikamfundisha kumalizia ukingo. Ana mkono mwepesi kama wako. Mistari miwili ikatoka vizuri. Wa tatu ukanyooka kabisa, akaninyooshea kiondo nimsifu.

Nikamwambia aufumue.

Pumzika, mwaitu. Kiondo chako kimefika nyumbani.

Ni mimi, binti yako wa pili, uliyempa jina la mama yako.