Betri Huanikwa

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba. Huku Kilangala hatujambo, mikorosho imetoa maua.

Umeniuliza baba yangu alikufa kwa maradhi gani. Moyo wake ulichoka, miguu ikavimba, na daktari wa Lindi alisema umeme wake unakatikia njiani. Alihitaji betri ya kupandikizwa kifuani, nayo haikuwepo. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa betri, lakini za redio.

Mama akauliza, "Kwani betri ikichoka si huanikwa?" Basi kila asubuhi akawa anamlaza baba juani, mkekani. Hakuna aliyemcheka. Angefanya nini kingine? Baba akafia palepale, mwili una joto hata tukadhani amelala.

Sasa miguu yangu imevimba kama yake. Leo nimejikuta natandika mkeka uani.

Bibi yako