Kigoda cha Shangazi Si cha Maonyesho

Jumanne. Mvua imeanza kabla ya jua kuchomoza na hadi jioni hii haijakata. Nina hasira, na leo sitaki kujifanya sina.

Shangazi yangu Atupele anaishi peke yake kijijini Mwaya. Mwaka juzi alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Mguu umerudi kidogo, anatembea kwa fimbo. Mkono haujarudi. Kinachomshinda ni kuinuka. Akikaa jikoni karibu na mafiga, anabaki pale pale mpaka jirani yake, mama Gwakisa, arudi kutoka shamba la mpunga amnyanyue. Aliwahi kuninong'oneza kwamba siku moja alisubiri mpaka haja ikamzidi. Mwanamke aliyelea watoto sita, watatu si wa kwake.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mjini Kyela. Natengeneza mageti na madirisha. Baada ya maneno yale sikuweza kushika geti la mtu kwa utulivu.

Nikachukua jeki ya zamani ya gari, ile inayokunjuka kama mkasi, nikaichomelea kati ya fremu ya chini na ubao wa kukalia. Pembeni nikaweka mabomba mawili yanayoingiliana ili ubao usiyumbe. Miguuni nikafunga vipande vipana vya tairi, maana uwanja wa Mwaya wakati wa mvua unameza kila kitu. Ukizungusha mpini, kigoda kinapanda polepole na wewe ukiwa juu yake, mpaka magoti yako karibu yanyooke. Hapo unasimama mwenyewe.

Nilipompelekea mara ya kwanza nilikuwa najisifu moyoni. Shangazi akakaa, akautafuta mpini, akanitazama.

"Bupe, umejipimia wewe," akasema.

Mpini niliuweka kulia. Upande wa mkono uliokufa.

Nilirudi nacho Kyela nimeinamisha kichwa, nikakikata, nikahamishia mpini kushoto. Safari ya pili alizungusha mwenyewe, akapanda, akasimama, akaenda kuchota maji mtungini bila kuniangalia. Kisha akasema, "Ndaga fijo," asante sana, akiwa amenipa mgongo. Nilijua anafuta machozi.

Sasa nifike kwenye hasira yangu.

Wiki mbili zilizopita bwana mmoja wa mradi fulani alikiona kigoda alipopita kijijini. Alinipigia simu. Akasema nina kipaji, kutakuwa na maonyesho ya ubunifu mjini, wanakiomba kwa siku mbili tu, na jina langu litaandikwa. Nilisema wakichukue.

Naandika tena ili nilione vizuri: mimi nilisema wakichukue.

Leo asubuhi nimeenda Mwaya kumpelekea sukari na sabuni. Nimemkuta shangazi ameketi kwenye mkeka sakafuni, mgongo ukutani. Chai haikuwa imepikwa. Kigoda hakikuwepo. Siku mbili zimekuwa kumi na moja.

"Kwa nini hukunipigia, shangazi?"

"Walisema wewe umekubali," akajibu. "Mwenye kitu akishakubali, mimi niseme nini?"

Mwenye kitu. Neno hilo limenichoma kuliko moto wowote wa kazini kwangu. Nimemnyanyua, nimempikia chai, nimepanda bodaboda kwenye mvua hadi mjini.

Maonyesho yaliisha siku nyingi. Kigoda nimekikuta kwenye korido ya ofisi yao, kimezungushiwa utepe, kimebandikwa karatasi: Kiti cha Watu Wenye Ulemavu. Usiguse. Chini yake jina langu, tena wamelikosea.

Yule bwana alinipokea kwa tabasamu. Akasema kuna mgeni mkubwa anakuja Ijumaa kukiona, kwa hiyo nivumilie, hii ni fursa yangu.

"Anayekitumia amekaa sakafuni tangu mlipokichukua," nikamwambia.

"Pole sana. Lakini wewe si fundi? Mtengenezee kingine."

Alisema bila ubaya wowote. Hilo ndilo linalonitia hasira hadi sasa. Hakuwa mkatili. Hakuwa amemfikiria shangazi kabisa, kama vile kigoda kilizaliwa chenyewe, bila mgongo wala makalio ya mtu yeyote.

Nikaanza kufungua utepe. Akasema vifaa havitoki bila barua.

"Kwa shangazi yangu kilitoka kwa barua gani?"

Dada wa mapokezi akainuka, nikadhani anakuja kunizuia. Akashika upande wa pili wa kigoda, tukakibeba pamoja hadi kwenye bodaboda.

Mchana nimekirudisha Mwaya. Nilimwomba shangazi msamaha, kwanza kwa mpini, halafu kwa simu ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema na yeye aliona aibu kumnyima mgeni, lakini usiku wa kwanza tu alijua amekosea.

Nimerudi nyumbani nimelowa, na bado najiuliza. Nawalaumu watu wa mradi, na nina haki. Lakini waliponipigia, ni nani kati yetu alimkumbuka Atupele? Nilisikia neno "kipaji" nikasahau mtu.

Kabla sijaondoka Mwaya nilimweleza shangazi habari za mgeni wa Ijumaa. Nikamuuliza kama anataka aje kukiona pale pale jikoni, au nimkatalie. Safari hii nilisubiri jibu lake mwenyewe.

"Aje," akasema. "Lakini asifike kabla sijaoga. Na aje na kiti chake cha kukalia."

Kesho asubuhi nampigia yule bwana, nami nitamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno.