Sabufa na Kigoda cha Baba

Nyansurura,
Serengeti, Mara.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Wangwe,

Shikamoo. Habari za huko Mtwara? Wifi Tabitha na Happy wanaendeleaje na joto? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechoka.

Mama anakula vizuri, ila masikio yanazidi kuziba. Kilichobaki ni mngurumo: lori likipita, anageuka. Ndiyo maana nilinunua sabufa, asikie ile kanda ya marehemu baba akipiga ritungu, ambayo niliihamishia kwenye flashi. Zile nyuzi nene anazisikia kwa kifua.

Kumbe kununua ndiyo kazi nyepesi. Sebule ni futi kumi na nne kwa kumi na mbili. Nikiiweka kwenye kona, inavuma kama mashine ya kusaga, mama anashika kichwa. Katikati, besi inakufa. Fundi Benedicto akaiweka juu ya kiti cha mama ikipiga, akaniambia nitambae kando ya kuta nisikilize. Panaposikika vizuri ndipo pa kuiweka. Nikatambaa, mtu mzima na magoti yangu haya. Pakapatikana mahali pamoja tu: pale kilipo kigoda cha baba. Futi mbili pembeni, hamna kitu.

Unajua ukoo ulivyosema: kigoda kisisogezwe mpaka mtoto wa kwanza aje akikalie. Tangu mazishi hujaja. Nilimsihi baba mdogo Nyangwine. Akanijibu, "Robi, nyumba ni yako, kigoda si chako." Nyumba nimeijenga kwa chapati za wachimbaji wa Nyamongo, tofali kwa tofali, halafu nashindwa na kigoda cha kubeba kwa mkono mmoja.

Usiniambie nimhamishe mama. Hataki kutoka pale mlangoni. Pale anaiona njia, na anayemngoja ni wewe.

Jumapili niliwasha, sabufa ikiwa pembeni ya kigoda, sauti hadi mwisho. Mama akaniangalia, akauliza, "Mbona umezima?"

Ilikuwa inapiga.

Kaka, hesabu zangu zimeishia hapo. Njoo ukae, hata kwa muda wa chai kupoa, kisha urudi. Ukichelewa, kigoda kitasogezwa siku utakayokuja, lakini sabufa haitakuwa na wa kumpigia.

Wasalimie wifi na Happy. Baba mdogo anakusalimu. Mungu akufungulie njia.

Mdogo wako, anayekupenda hata akikukasirikia,
Robi