Mistari ya Mkaa Kwenye Mayai

Mama yangu kipenzi, uliyelala Iringa,

Unakumbuka nilivyokuaibisha? Ilikuwa miaka ya hamsini, nikisomea ualimu Mbeya. Mwalimu wa biolojia alitaka mayai ya siku mbili, tatu na nne, tuone kifaranga kinavyoanza. Ukamwekea kuku anayeatamia yai kila siku, ukayachora kwa mkaa: mstari mmoja wa leo, miwili ya jana. Ukanipa tenga zima, na kuku wake. Nami, msomi wako, nikayaosha yote yang'ae, wenzangu wasinicheke. Mbele ya mwalimu sikulijua la jana wala la juzi. Akanipa nafasi moja tu. Nikishindwa tena, chuo basi.

Nilirudi nyumbani nikilia. Hukunigombeza. "Safari hii nakuja mwenyewe," ulisema. "Wewe na maji hamwaminiki."

Ukachora mayai mengine, tukapanda lori, likaharibika njiani, Chimala. Siafu wakalifuata tenga, msafara mzima. Ukaomba majivu kwa muuza chai, ukawakatia njia. Wakazunguka kama walevi.

"Hawa hawaoni njia, mwanangu. Mwenzake kamwachia harufu, naye anafuata. Ikikatika, kila mmoja anakuwa mjinga."

Kesho yake nikainamia hadubini, mayai yakiwa na mistari yake. Nikaona seli changa zilizotoka mgongoni mwa kifaranga, kila siku zimefika mbali zaidi. Baadhi yake zingekuwa neva.

"Nani anazielekeza?" mwalimu akauliza.

"Majirani, Mwalimu," nikasema. "Seli za njiani hutoa kitu, kama harufu ya siafu. Huku njoo. Kule kuna majivu, usipite."

Akavua miwani. "Hilo hata wataalamu wakubwa wanalitafuta bado. Nani kakufundisha?"

Nikakuonyesha mlangoni, umekumbatia tenga.

"Kamwene, Mwalimu," ukasalimia, na kuku akadakia. Nilifaulu, mama! Tulicheka mpaka stendi ya malori.

Leo vitabu vinasema wazi: seli hupeana ishara za kemikali, nyingine za kuita, nyingine za kufukuza. Nimelifundisha somo hilo hadi kustaafu, na kila mara nilikutaja wewe kwanza. Najivunia mno kuwa mwanao. Ila radhi ya yale mayai sikuwahi kukuomba, na inaniuma.

Juzi tumeupaka msalaba wako chokaa, ukang'aa kweli. Walipoondoka ndugu zangu, nikachora pembeni mistari mitatu ya mkaa. Safari hii sitaiosha; ndivyo ninavyokuomba radhi.

Pumzika, mama.

Kitinda mimba wako