Mumba, usiruke mstari

Lubumbashi, Annexe

Mama yangu mpendwa,

Najua ndugu yangu Mumba anakusomea barua hii mlangoni, nawe unaparua samaki bila kuinua kichwa. Miguu yako inaendeleaje? Mimi natembea, nafundisha, nakula.

Mara tatu nimekupigia simu niseme neno hili, na mara tatu tumeishia kuzungumzia mihogo. Ndiyo maana naandika.

Virusi vya ukimwi nilivyo navyo mnavijua, na dawa zake sijaziacha hata siku moja. Sasa wamepima damu wakakuta na kingine: homa ya ini, ile wanayoiita hepatite C. Hukaa kimya miaka mingi ikila ini, na penye ukimwi hula haraka zaidi. Muuguzi, mama mmoja wa Kasai, akanieleza:

"Damu yako iko na bapangaji babili, mama, na hakuna hata mumoja analipa nyumba. Huyu wa pili tutamufukuza, dawa ya miezi tatu. Ule wa kwanza utaendelea kumufunga na dawa yake kila siku. Usiiache."

Nilicheka. Nilipofika chumbani nikajitazama macho kwenye kioo, nikamwona Baba.

Niko wiki ya tano ya dawa hiyo. Daktari alihakikisha kwanza kwamba dawa hizi hazigombani na zile za zamani. Aliniuliza pia kama niliwahi kuchanjwa kwa wembe. Mama, nikaikumbuka siku ile. Macho ya Baba yalikuwa ya njano, tumbo limejaa, na mganga akasema watoto wakingwe. Wembe mmoja: Baba, mimi, halafu Mumba. Kila mara uliupangusa kwa kitenge chako. Daktari hasemi kwamba ni wembe ule; hakuna awezaye kujua. Sikulaumu. Lakini kila asubuhi nasikia kitambaa kikipita juu ya chuma.

Mumba, hapa nasema na wewe. Nakujua: mabaya huyaruka, ukamsomea Mama salamu tu. Haya usiyaruke. Nimesikia siku hizi huna nguvu, na chakula hukitamani. Panda lori la kwanza litokalo hapo Kilwa ziwani, uje huku Lubumbashi upimwe damu. Siku ile nilipochanjwa ulinishika mkono, ukaninong'oneza, "Usilie, batatucheka." Njoo, sasa nikushike mimi.

Msalimieni mama mdogo Chola, anayefagia kaburi la Baba, na kaka Kabwe na mitumbwi yake.

Mama, ikiwa Mumba hakuruka kitu, sauti yake sasa inatetemeka. Acha samaki, umshike.

Binti yako,
Mwansa